Kama Kuna Ambaye Hajapigwa Picha

Sikuombi uniamini. Kuomba nilishachoka. Mke wangu ananiamini nusu, mchungaji wetu ananiamini nikiwa mbele yake tu, na wewe utaamua mwenyewe tukimaliza. Lakini nilikuwepo, nilikuwa na akili zangu, na sikuwa nimeonja hata chupa moja. Tena usitarajie nikuanzie na usiku wa manane na bundi wanalia. Haya yalinipata saa nane mchana, mbele ya umati wa watu na mchungaji wao, na yalimchukua mama yangu.

Kazi yangu ilikuwa kupiga picha za mazishi. Usikunje uso. Harusi zina msimu wake, kuzika hakuna msimu, na huku kwetu Meru na Embu mtu hazikwi bila picha. Utaratibu unaujua: kabla jeneza halijateremshwa, MC anashika kipaza sauti na kuita watu kwa makundi. Mjane na watoto wanasimama, wanapigwa. Ndugu wa marehemu, wanapigwa. Wajomba, chama cha akina mama, waliosoma naye darasa la nane. Mwisho kabisa MC anatoa wito: kama kuna mtu wa familia ambaye hajapigwa picha, aje sasa. Mara nyingi hutokea mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, anajikokota na koti lake la mvua, anasimama peke yake na jeneza, na hiyo ndiyo picha ambayo familia huipenda kuliko zote.

Nilikuwa napiga kwa simu. Kamera yangu kubwa iliibwa, nami nikagundua kwamba watu hawana haja nayo, wanataka picha ziingie kwenye grupu la WhatsApp kabla chakula hakijaisha. Simu yenyewe ilikuwa Android ya miaka mingi. Ilinitumikia kama punda, lakini siku ya mawingu ilikuwa ikitoa nyuso nyeusi zisizo na macho wala pua. Basi siku moja binti wa marehemu fulani akaandika kwenye grupu, ukoo mzima ukisoma, kwamba mpwa wake wa shule ya upili amepiga picha nzuri kuliko "huyo jamaa tumelipa". Iliniuma. Mimi nina kiburi cha kazi, sikatai. Wiki hiyohiyo nikaenda kwa kijana mmoja anayeuza simu mjini Meru, nikamwachia Android yangu, nikaongeza pesa juu, nikatoka na iPhone.

"Bro, hii camera ni moto," aliniambia. "Ukiizoea, kwa Android hutawahi rudi."

Siku tatu za kwanza nilihangaika. Kitufe cha kurudi nyuma hakipo, sauti ya simu kuita siijui, na picha zangu za zamani zilipokuwa zikihamishwa nyingi zilipotelea njiani, zikiwemo zote za nyumbani kwetu. Sikujali sana, kwa sababu ya ile kamera. Nilimpiga picha mama mboga ndani ya kibanda chake chenye giza nikaona hadi uzi uliochomoka kwenye kitambaa chake. Tena ina jambo lingine: ukipiga picha inanasa na sekunde moja au mbili za mwendo na sauti, na ukiibonyeza kwa kidole, watu wanatikisika na kusema neno. Nilikuwa nafurahi kama mtoto.

Kazi yangu ya kwanza nayo ilikuwa Embu. Familia inaishi Dallas, mtaa wa pale Embu mjini, lakini baba yao walimzika kwenye shamba lao la kahawa nje ya mji. Kulikuwa na manyunyu. Makundi yalikwisha, MC akatoa wito wa mwisho, nami nikazungusha simu taratibu, macho yangu kwenye kioo, nione kama kuna aliyebaki. Ndipo nikamwona. Mama wa makamo, amesimama inapoanzia mibuni, amevaa sweta ya maruni, leso kiunoni. Kila mtu alikuwa chini ya mwavuli isipokuwa yeye, na sweta yake ilikuwa kavu. Huo ukavu niliufikiria baadaye. Wakati ule niliona mtu mpweke msibani nikamhurumia, na nikaona picha nzuri. Nisikudanganye, zaidi niliona picha nzuri.

"Mama, na wewe bado," nikamwita. "Kuja usimame na wenzako."

Akatikisa kichwa. "Mimi sina mtu."

Alikuwa mbali, wala hakupaza sauti, lakini nilimsikia vizuri kabisa.

"Leo uko na mtu," nikamwambia. "Kuja tu. Simama hapo na shosho."

Huyo shosho, bibi kizee, alikuwa dada mkubwa wa marehemu, wamemkalisha kwenye kiti cha plastiki kando ya jeneza. Yule mama akaja, akasimama ubavuni pake, akamshika mkono. Nikapiga picha tatu. Niliona watu wananitazama, nikadhani wanaitazama simu.

MC akanikaribia, akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Boss, ulikuwa unaongelesha nani?"

Nikatoa macho kwenye kioo. Shosho alikuwa peke yake kwenye kiti chake, anausugua mkono wake kwenye gauni kama mtu aliyeshika maji ya baridi.

Wewe ungefanya nini? Ungetupa simu ukimbie, mazishi yakiendelea? Mimi nilimaliza kazi. Jioni nikazifungua zile picha tatu, na yule mama yupo katika zote, safi kabisa, hata vifungo vya sweta unaweza kuvihesabu. Nikazituma pamoja na nyingine. Binti wa marehemu akauliza kwenye grupu, "Huyu mama wa sweta ya maroon ni wa kwa nani?" Upande wa baba wakasema atakuwa wa kina mama. Upande wa mama wakasema atakuwa wa kina baba. Ndivyo ilivyo kwetu, kwenye mazishi kila mgeni ni wa upande ule mwingine, na hakuna anayefuatilia.

Wiki tatu baadaye binti yule akanipigia. Shosho alilala na hakuamka. Walinitaka mimi tu, kwa sababu ya zile picha.

Mara hiyo sikumwita mtu. MC alipotoa wito wa mwisho niliinamisha simu nikatazama viatu vyangu. Nikapiga picha moja tu ya jeneza, haraka, nikaondoka. Nilipofika mjini Embu niliingia hoteli moja, nikaagiza chai, nikaifungua ile picha. Jeneza halikuonekana. Yule mama wa sweta alikuwa amesimama mbele yake, karibu mno, uso wake umejaza kioo chote, na alikuwa akinitazama mimi. Kidole changu kikaibonyeza kabla sijafikiri. Picha ikatikisika, midomo yake ikafunguka.

"Na mama yako," akauliza, "yeye yuko na nani?"

Chai niliiacha mezani.

Mama yangu aliishi Nchiru, karibu na hosteli za wanafunzi, ambako alikuwa na kibanda cha chai na mandazi. Baba alikufa zamani, na ndugu zangu wako mbali. Alikuwa na mimi. Nikampigia simu nikiwa pale nje ya hoteli, akapokea, akanigombeza kwa kumpigia saa ya wateja. Nilisikia mafuta yakichemka kwenye karai na nikashukuru Mungu kwa sauti.

Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, akasema neno moja tu. "Rudisha."

Na nilienda, ndugu yangu. Asubuhi na mapema nilikuwa dukani. Android yangu ilikuwa bado kwenye kabati la kioo, ameshaifuta kila kitu. Kijana akacheka, lakini akakubali tubadilishane. Akaniwekea ile simu mkononi. Nilikuwa nayo mkononi. Hapo hapo ujumbe ukaingia kwenye iPhone, familia moja ya Maua wana mazishi Jumamosi, wameona picha za Embu, wanauliza: "Ni wewe photographer wa iPhone?"

Nikamwambia kijana aniwekee hadi Jumatatu.

Hicho ndicho nilichokifanya. Hakuna aliyenilazimisha wala aliyeniroga. Nilipenda kusifiwa, basi. Watu wakisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mimi nasema afadhali lingekuwa guu.

Jumamosi yule mama wa sweta hakuonekana popote. Nilizitazama picha zote za Maua mara mbili na hakuwemo, nikajiambia yamekwisha. Jumapili nikaenda Nchiru kumsalimu mama. Nilimkuta ametoka kanisani, amevaa nguo yake ya chama cha akina mama na kitambaa cheupe kichwani.

"Mwana wakwa," akaniambia, "umepiga watu wa Embu, umepiga wa Maua. Mimi picha yangu ni ile ya kitambulisho, nimekaa kama mwizi."

Nikamwambia mwanga ni mbaya. Nikamwambia betri inaisha.

"Ama mimi ni mzee sana kwa hiyo simu." Alisema akicheka, lakini alikuwa ameanza kukifungua kile kitambaa, na nikaona haya. Mama yangu alikuwa hajaniomba kitu mwaka mzima. Nikamwambia asimame mlangoni pa kibanda. Nilitazama kwenye kioo kwanza, kushoto kwake, kulia, nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Naapa hapakuwa na mtu. Mama aliweka mkono mmoja kwenye nguzo, mwingine ukaning'inia tu, akatabasamu. Nikapiga.

"Kuna baridi hapa," akasema, akausugua ule mkono kwenye nguo.

Sikumwonyesha. Nilimwambia imekataa, nikageuka nikaitazama peke yangu. Mkono wake haukuwa umening'inia. Ulikuwa umeinuliwa hadi kifuani, na umeshikwa. Ukingoni mwa picha ulionekana mwisho wa mkono wa sweta ya maruni, na vidole vinne vimekunjwa juu ya vidole vya mama. Sikuifuta. Miezi yote hii nimejiuliza kwa nini sikuifuta. Ilikuwa picha nzuri.

Siku ileile nilimchukua nikaenda naye kwangu Meru mjini. Jumatatu simu nikaibadilisha. Tuliomba, tulifunga, mchungaji alikuja mara mbili. Siku ya tisa alizidiwa tukamkimbiza hospitali, wakasema ni moyo. Nilikaa kando ya kitanda nimemshika mkono. Saa sita mchana alifungua macho.

"Mbona unanishika yote miwili?" akaniuliza. "Niachilie mmoja nijikune."

Nilikuwa nimemshika mmoja.

Alipokwisha kufa tukatakiwa kutoa picha, ya karatasi za wasifu na ya fremu inayotangulia jeneza. Nikatafuta. Zangu za zamani zilipotea kwenye kule kuhama, kijana wa duka alishafuta zilizobaki, na ndugu zangu hawakuwa nazo. Palikuwa na ya kitambulisho, na palikuwa na ile, ambayo mke wangu aliiona nilipokuwa nahamisha vitu, akaihifadhi kwenye simu yake kwa sababu mama alikuwa anatabasamu. Walioichapisha walijaribu kuikata. Wakiutoa ule mkono wanatoa na bega la mama. Wakauacha.

Siku ya kumzika, mama mkubwa aliisogelea fremu, akaweka miwani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Huu mkono ni wa nani?"

Watu wote wa nyumba yetu walikuwa hapo wananitazama. Nikasema ni wangu. Akanipapasa mgongoni, akasema angalau alikuwa na mtu.

Sipigi picha tena. Nachoma mandazi pale Nchiru, na wanafunzi wakitaka kujipiga picha na mimi, nazama chini ya meza natafuta unga. Wewe ukienda kuzika na umwone mtu amesimama peke yake, mtazame kwa macho yako matupu kwanza. Mpe mkono. Muulize ni wa nyumba ya nani. Akikuambia hana mtu, usimwambie anaye, maana atakuja kukuuliza ni yupi. Na kama una mama, mpige picha leo, na hiyo simu uliyo nayo sasa hivi, hata kama haionyeshi vizuri.