Utepe Mweupe wa Satini

Mama mkubwa, dada ya mama yangu, ana jibu moja kwa maswali yote: "Ndivyo." Kwa nini mjamzito asisimame mlangoni? Ndivyo. Kwa nini nguo za mtoto zisinunuliwe kabla hajazaliwa? Ndivyo. Nilitumia miaka mitano chuo kikuu kujifunza kwamba hilo si jibu, kisha nikarudi nyumbani, mtaa wa Cimpunda, kulisikiliza kila siku.

Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wake wa kwanza aliishi siku tisa tu, na safari hii hakuwa ametayarisha hata soksi. Ndipo siku moja akaniomba, kwa sauti ndogo, nimshonee blanketi. Nikajua kwamba akilipokea blanketi hilo, atakuwa amekubali kwamba mtoto huyu anakuja kukaa.

Flaneli nilikuwa nayo. Ulibaki utepe wa satini wa kuzungushia ukingo.

"Utanunua ya manjano," mama mkubwa akasema, akichambua maharagwe.

"Juu ya nini, maman? Nyeupe iko muzuri zaidi."

"Nyeupe hapana."

"Juu ya nini?"

"Juu iko nyeupe."

"Na ya manjano je, haiko ya manjano?"

"Ee, licence yako ya université imekuharibu kinywa!"

Nikanunua mweupe. Sikuwa tayari kuongozwa na ushirikina usioweza hata kujieleza.

Nilijifunza kwenye video za simu, kwa mwanamke mmoja mwenye meza kubwa kuliko sebule yetu, aliyekuwa akisema kila dakika kwamba kazi hii ni rahisi. Ni mwongo. Satini huteleza kama mwanasiasa: unaibana hapa kwa pini, inatokea kule. Unakunja utepe katikati, unaufanya uumeze ukingo wa flaneli, na kila kona unaikunja kama bahasha. Kona yangu ya kwanza ilifanana na sambusa. Mama mkubwa, ambaye ndiye mwenye cherehani, alipita nyuma yangu.

"Ile mukunjo, walikufundisha ku université?"

Nilifumua, nikarudia. Kona ya nne ilitoka safi, na nilimtazama mama mkubwa kama mtu aliyeshinda kesi. Akageuka, akaenda jikoni. Nilidhani ameshindwa.

Dada alikuja Jumapili baada ya misa. Nikamwekea blanketi mapajani. Aliishika flaneli, akatabasamu. Kisha kidole chake kikafika ukingoni, kikasimama.

"Iko ile ya ndani ya sanduku," akasema.

Sikuelewa. Mama mkubwa alikuwa akiangalia sakafu.

"Wewe ulikuwa mu examen," dada akaniambia, bila hasira, kama anayenieleza njia. "Haukuona. Walitandika satini nyeupe mu ka sanduku kake. Pande zote."

Akalirudisha blanketi mikononi mwangu, akashika tumbo lake kwa mikono miwili.

Nilichukua wembe, nikaanza kufumua pale pale, mbele yake, uzi kwa uzi. Nilimkasirikia mama mkubwa, na hadi leo bado namkasirikia. Sentensi moja ingetosha. Lakini katika nyumba ile mambo ya kijinga husemwa kutwa nzima, na jambo la maana hufungiwa ndani ya "ndivyo". Mimi nami, bingwa wa maswali, sikuwahi kumwuliza dada siku ile ya mazishi ilikuwaje. Mtihani nilifaulu.

Mama mkubwa akafungua mkoba wake wa kanisani, akatoa utepe wa manjano, bado umezungushwa kwenye kadi yake. Alikuwa ameununua zamani, bila kuniambia.

"Angalia matobo," nikasema. Sindano ilikuwa imeacha mstari wa vitundu kwenye flaneli, ukingo mzima.

Dada akaupokea utepe, akaupima kwa vidole juu ya vile vitundu.

"Iko mupana," akasema. "Itafunika. Shona, niko nangoya."