Moto wa Wakati wa Umande

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu nilikuwa mke mgeni hapa Nandagala, na nilikuwa najua kila kitu. Usicheke. Jana nimekusikia ukiwaambia wazee kuwa kuchoma nyasi kesho ni ujinga, nikajiona mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wako, na ulimi uleule.

Kwetu ni Nambambo, kule Nachingwea. Shuleni tulifundishwa kuwa moto ni adui wa misitu, na mwalimu hakukosea. Mashamba mangapi tumeyaona yakiteketea kwa sababu ya watu wanaowinda panya kwa moto kiangazi kikishakolea? Panya ni mtamu, hilo silikatai, lakini si wa kuunguzia shamba la mwenzio.

Basi nilipoolewa huku, asubuhi moja nikamkuta mama mkwe wangu, Binti Hemedi, na wanakijiji wenzake wanachoma nyasi. Mvua zilikuwa zimeisha juzijuzi tu na umande haujakauka. Walikuwa wanazunguka mikorosho yetu na ule msitu wa kijiji wenye chemchemi. Bwana misitu, kijana aliyetoka wilayani, yuko nao, anarusha vumbi kuangalia upepo unakokwenda. Nikasema moyoni, hawa wamerogwa.

Nikachukua ndoo ya maji, nikawafuata nyuma. Wao wanawasha, mimi nazima. Nilishazima kipande kizuri tu, upande wa mikorosho, mama mkwe alipogeuka.

"Wee mwanangu, unazima nini?"

"Moto, mama. Unaua ardhi."

Hakunigombeza. Alimwita bwana misitu, akamwambia, "Hebu mweleze huyu, maana mimi ataniona mshamba." Kijana akachimbua udongo pale palipotoka kuungua, akaniambia niweke mkono. Ulikuwa wa baridi. Akasema moto wa nyasi zenye unyevu hupita juujuu, mizizi haiumii, lakini nyasi zikiachwa zikauke kabisa, moto wake hausazi mti. Mama mkwe akasema wazee wake walichoma hivyohivyo miaka yote, na yeye amefurahi kupata mtu wa kumweleza sababu. "Dawa ya moto ni moto," akaniambia, "ila uuwahi."

Niliitikia kwa adabu tu, sikuwa nimekubali. Kile kipande nilichokimwagia maji hakikushika tena, nikaahidi kukifyeka. Sikukifyeka.

Kiangazi kikakolea, mikorosho ikajaa maua. Mchana mmoja tukaona moshi ng'ambo ya mto. Wawindaji wa panya walikuwa wamewasha, upepo ukawanyang'anya moto wao, ukauvusha upande wetu. Mwanangu, niliogopa. Mikorosho ile ndiyo ilikuwa chakula chetu, na shule ya shemeji zangu, na paa tulilokuwa tunaliota. Tukasimama na matawi mabichi mikononi. Moto ukafika pale palipochomwa mapema, ukatafuta cha kula, ukakosa, ukafa mbele ya macho yetu. Ila mahali pamoja ulipata mlango, na mlango wenyewe ni pale pangu.

Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Mama mkwe akanitazama, akasema, "Haya mwanangu, sasa ndiyo ulete ile ndoo yako."

Tuliupiga kwa matawi, tukachota chemchemini, kijiji kizima, mpaka ukazimika. Mkorosho mmoja uliungua ubavu. Ni ule wa pembeni uliojikunja shina, ambao wewe kila mwaka unachuma mabibo yake. Mingine yote ilisimama. Nilikaa chini nikalia kwa furaha, na mama mkwe akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Moyo ulivyonitua siku ile, hata leo nikiuona msitu ule mbichi, hunitua upya.

Kwa hiyo sikukatazi elimu yako, mwanangu. Simu zenu zinaonyesha upepo na mahali palipowaka moto, nami nashukuru. Ila simu haijui kuwa nyasi za bondeni huku huchelewa kukauka. Wazee wanajua, na kuuliza si ujinga. Usichome peke yako, wala bila kijiji kujua, wala usingoje nyasi zikauke. Na kipande ulichoahidi kukifyeka, kifyeke, maana usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nusura niujenge.

Mungu akujalie uzeeke ukinywa maji ya chemchemi ile, na wajukuu zako waikute mikorosho imesimama. Kesho alfajiri twende wote, umande ungali chini. Wewe utawasha. Ndoo nitaibeba mimi.