Mwandiko wa Maalim Kwenye Lebo za Mananasi

Maalim Abdulswamad alikuwa na siku thelathini na saba kaburini.

Jumanne ile, saa nne asubuhi, mwandiko wake ukatoka kwenye printa.

Sitanii. Niliishika karatasi kwa mkono wangu, bado ya moto.

Naitwa Mosi. Baada ya chuo nilisota miezi minane bila kazi. Maalim alipofariki, mkewe, Bi Zuwena, akaingia eda, hakuweza kutoka nyumbani. Akanikabidhi funguo za stationery yao pale mtaa wa Dunda.

"Nimekuamini, mwanangu." Basi. Hakuna mkataba wala mdhamini.

Na mimi, ndani ya muda mfupi, nilishamwibia.

Maalim alinunua fonti nzuri, yaani mitindo ya herufi za kompyuta, kwa leseni ya kompyuta moja tu, ile ya dukani. Juu ya kioo alibandika kikaratasi: "Fonti hizi ni za kompyuta hii. Usihamishe." Herufi y yake ilikuwa na mkia uliojikunja kama ndoana. Hakuna mwingine anayeandika vile.

Nikazihamisha. Nilizitia kwenye laptop yangu, inayotumia mfumo mwingine wa kompyuta, ule wa bure, nifanye kazi zangu za pembeni. Ya kwanza ilikuwa lebo za mkulima mmoja: "Mananasi ya Kiwangwa."

Kwenye laptop herufi zilionekana za kawaida. Nikaiunganisha na printa ya dukani, nikachapa.

Karatasi ikatoka. Ile y ina ndoana.

Nikatazama kile kikaratasi juu ya kioo. Mkono ule ule!

"Audhubillahi!"

Nikachapa tena. Ndoana. Nikachapa kutoka kompyuta ya dukani. Herufi za kawaida.

 Kumbe naandamwa mimi peke yangu.

Sikumbuki nilifungaje duka. Nilibeba laptop yangu, nikachukua bodaboda hadi kwa Bi Zuwena, nikasimama nje ya pazia la chumba.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba. Mbona unahema? Duka limeungua?"

"Maalim amerudi. Anaandika lebo za mananasi."



"Mosi, umekula nini?"

Nikamwaga yote: fonti, laptop, kazi ya siri. Nikapitisha karatasi na funguo chini ya pazia. Nilijua kazi ndiyo imekwisha.

 Kisha nikasikia anampigia simu mwanawe, Twalib, aliye Tanga. Aliweka sauti ya juu.

"Twalib, mwandiko wa baba yako umefikaje kwenye mananasi? Mosi kaiba fonti za dukani, kazitia kwenye laptop yake, na printa inatoa mkono wa marehemu."

Twalib akaguna. "Mama, nani amekuharibia? Nilikuwa nakuwekea siku ya arobaini!"

Kumbe kabla hajafa, Maalim aliandika herufi zote kwa mkono, Twalib akampelekea fundi akazigeuza fonti. Alitaka vyeti vya watoto wa madrasa viendelee kutoka kwa mkono wake. Leseni ya fonti hiyo ni ya printa peke yake, na imehifadhiwa humo humo ndani.

"Zile za wizi zimekataa kwenye mfumo wa laptop yake," Twalib akasema. "Laptop imepeleka maneno matupu. Printa ikikosa fonti iliyoombwa, inaandika kwa mkono wa Baba."



"Mosi," Bi Zuwena akaita. "Ulizoiba zifute. Hapo hapo ulipo."

Nikafuta.

"Sasa nenda ukanichapie jina langu kwenye printa hiyo."

"Na funguo?"

Zikatelezeshwa chini ya pazia. "Utafunguaje duka bila funguo? Ukirudia, nitakufuata hata eda haijaisha."

Niliporudi, mkono wake ulitoka pembeni ya pazia ukapokea karatasi. Neno moja tu: Zuwena.

 Nikasikia kidole kinapita juu ya karatasi, taratibu, mara nyingi.

"Z yake," akasema mwishowe. "Nilikuwa nimeanza kuisahau."

Ndugu zangu, fonti haionekani kama mali, lakini nyuma yake kuna mkono wa mtu. Ombeni ruhusa. Mimi ningemwomba Bi Zuwena mapema, angempigia Twalib anielekeze kila kitu huku ananicheka, na nisingelala na taa wiki nzima kwa woga uliobaki.