Jino Zima Linalonitoa Machozi

Na ndiyo maana sijapokea simu zenu tangu asubuhi, rafiki zangu. Kuongea siwezi.

Ni jino la nyuma, upande wa kushoto, siku ya tano sasa. Jana daktari alipiga picha, akagongagonga meno yote, akasema haoni tatizo. Nilimwomba aling'oe tu. Akakataa, eti hang'oi jino zima.

Leo mama mkwe kaja hapa kwetu Bariadi kutoka Lalago, mara ya kwanza tangu harusi. Kaniletea michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kaipika mwenyewe na karanga.

Bibi harusi utakataaje?

Nikatafuna. Machozi yakatoka yenyewe.

Mama akaweka sahani chini, akamgeukia mume wangu.

"Umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Ni jino, mayu," akamjibu mama yake.

"Hospitali wamesemaje?"

Mume wangu, mpenzi wangu asiyejua kudanganya, akajibu, "Wamesema meno yote ni mazima."

"Basi kinachomliza ni wewe."

Nilitaka kumtetea, mwanaume anayenikanda shavu kwa kitambaa cha moto mpaka nisinzie. Nikaishia kulia zaidi.

Mama kaondoka Bariadi bila kumuaga mwanawe.

Jamani, mwenye dawa ya jino lisiloonekana ugonjwa aniandikie hapa. Nimechoka, sina hali.

Na ninyi mawifi zangu mnaosoma, mwambieni mama nitakuja Lalago kabla mwezi huu haujaisha. Nataka nikae naye, nimweleze kwamba mwanawe hajawahi kuniliza.