Pasipoti Yangu Imevuka Mpaka Bila Mimi

Jamani, pasipoti yangu leo imeingia Zambia. Mimi bado niko Igamba.

Jumatatu ijayo nilikuwa nipande ndege kwenda Sweden, kusoma semista moja. Hata koti zito la mtumba nimeshapata.

Sasa mama, karatasi yoyote ya maana huwa anaifukia kwenye gunia la maharage. Anasema mwizi hawezi kulibeba.

Mwizi hajalibeba. Baba kaliuza asubuhi Tunduma, kwa Mzambia hata jina lake halijui.

"Mama Neema, si ungeniambia?" baba anamuuliza mama.



Mlioko Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mkifungua gunia mkakuta sura yangu, nipigieni. Nawaomba.

Mama kakaa chini na ungo, anachambua maharage yaliyobaki ya kula. Ni bakuli moja tu.

Anarudia mara ya nne.