Pazia la Mama na Nyota ya Zuhura

Haya, chekeni sasa mmalize, maana aibu iliyonipata mtaani Buruburu miaka ile ya tisini, nikiwa nimejifunga pazia la mama, siwezi kuisimulia mkiwa hamjatulia.

Nilikuwa nimempenda Mwende, binti wa jirani yetu mchonga vinyago, na kila nikimwona ulimi unanikauka. Basi nikanunua kwa muuza vitabu vya mtumba pale Jogoo Road kitabu kuhusu wachawi wasomi wa Ulaya ya zamani (wasomi kweli, na Jumapili wako kanisani kama sisi), ambao walichukua Zaburi za Daudi, majina ya malaika kutoka kwa Wayahudi, hekima ya Wamisri na nyota za Wagiriki, wakapika vyote sufuria moja. Anayetaka kupendwa, kilisema, aiimbie nyota ya Zuhura siku ya Ijumaa, amevaa kijani na shaba, akifukiza manukato. Gitaa ninalo, nikajiambia, nini kitanishinda?

Kijani kikawa pazia la sebuleni, shaba ikawa waya wa redio mbovu niliouzungusha kichwani, manukato nikachoma mdalasini wa chai kwenye jiko la makaa, nikachora duara la chaki sakafuni na kulijaza majina ya malaika, nikaanza kuimba, Zaburi kidogo, Zuhura kidogo, macho nimefumba. Nilichosahau ni kwamba Ijumaa ndiyo siku akina mama wa mtaa huzunguka nyumba kwa nyumba wakiomba, na zamu ilikuwa yetu.

Kufumbua macho, wamejaa mlangoni, Biblia kwapani, mama mbele akiliangalia pazia lake, na nyuma kabisa Mwende, aliyemsindikiza mamake. Nikajua nikisema ukweli mama atakosa pa kuficha uso, na mimi kwa kina Mwende ndiyo basi. Mama Mwende akasoma sakafu polepole, Mikaeli, Rafaeli, akashika kifua.

"Mama Otieno," akamwambia mama, "huyu kijana ameguswa na Roho."

Wakaniwekea mikono kichwani, juu ya waya, wakaiimba Zaburi yangu huku moshi wa mdalasini ukiwatoa machozi, nami nikatoa ushuhuda nisioukumbuka hata neno. Wakati wa chai (isiyo na mdalasini) Mwende akanisogelea.

"Otieno, huyo Zuhura ni nani?"

Nikatazama viatu vyangu, kumbe sikuwa navyo.

"Kama ni dem wako, mwambie umeingia kwaya. Jumapili kuja na gitaa. Lakini hiyo pazia uache nyumbani."

Mama alinifulisha lile pazia, nikaapa sitachanganya tena mambo nisiyoyajua, na kiapo nimekishika. Ila Mwende, ambaye sasa ni mke wangu, mpaka leo hajaamini kwamba Zuhura ni nyota.