Asli Akataa Kukitoa Kibuyu

Nilipokuwa mwanafunzi wa misheni, sinema ililetwa Isiolo kwa gari, na shuka nyeupe ikatundikwa ukutani. Ndoa ilipoharibika katika picha zile, tuliijua kwa sahani kuvunjika na mlango kubamizwa. Tulicheka sana, kwa maana nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kuvunja sahani. Zilikuwa chache mno.

Huyakumbuka hayo kila nimwonapo Asli akipita na kamera begani. Ni jirani yangu hapa Kiwanjani, niliyemfundisha shuleni alipokuwa mdogo, na kazi yake ni kupiga video za harusi. Mwaka jana aliamua kutengeneza filamu fupi yake mwenyewe, kuhusu ndoa inayokwisha. Hakuitafuta mbali. Mumewe, Galgalo, hupeleka bidhaa kwa lori hadi Biliqo, na wakati huo, hata alipokuwa mjini, alikuwa ameacha kula nyumbani. Hapakuwa na ugomvi wowote. Alikunywa chai hotelini, akaja kulala, akaondoka.

Asli hakutaka kumwaibisha mtu, kwa hiyo hakuonyesha uso hata mmoja. Katika filamu yake mna mikono ya mwanamke, kiti kitupu, na kibuyu cha maziwa. Mikono inakiosha kibuyu, inatia kijinga cha moto ndani, inakitikisa na kukifunika ili moshi ukolee. Kisha inamimina maziwa na kukiweka kando ya kiti, pale ambapo mume alizoea kukifungua, kunusa na kusema, "Leo moshi umekolea." Hakuna anayekuja. Jioni mikono inayamwaga maziwa katika jagi la jirani, na kesho yake inaanza upya. Jagi lile ni letu.

Alificha nyuso, akasahau kibuyu. Kilipambwa na marehemu mama yake Galgalo, kwa ngozi na safu ya kauri iliyopinda upande mmoja, na nusu ya Kiwanjani walikinywea siku ya harusi. Asli alipowaonyesha wanawake wachache filamu hiyo kabla ya onyesho la Jumamosi katika ukumbi wa mji, Falis, mwenye duka la vitambaa, hakungoja hata maziwa yamiminwe.

"Si hiki ni kibuyu cha mama Galgalo?" alisema. "Wewe Asli, umefunika watu wote ukaacha mlango wazi."

Wakacheka. Lakini sasa wote walijua kiti ni cha nani.

Ijumaa baada ya swala, Sharamo, kaka mkubwa wa Galgalo, alikuja nyumbani kwa Asli pamoja na Galgalo mwenyewe, nami nikaitwa niwe shahidi.

"Salaam aleikum," alisema Sharamo. "Shemeji, hatukuja kukuzuia kazi. Toa kibuyu tu. Hayo mengine onyesha."

"Mengine yapi, shemeji? Nikikitoa, kinabaki kiti."

"Weka ugomvi. Mume apige kelele, mke alie, kama zile za televisheni. Watu watasema ni hadithi tu."

"Galgalo hajanipigia kelele hata siku moja. Unataka nimsingizie ndugu yako?"

Sharamo akanigeukia. "Mwalimu, huyu ulimlisha nini shuleni?"

"Siku hizi yeye ndiye hunilisha," nikajibu. "Maziwa."

Galgalo hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na mlango. "Ungeniambia kwanza," alisema.

"Kamera ilikaa juu ya meza hii mwezi mzima," Asli akamwambia. "Ungekuwa unakaa kwenye kiti chako, ungeiona."

Sharamo akainuka. "Ukionyesha kesho, hii ndoa imekwisha."

"Shemeji, ndiyo filamu yenyewe hiyo."

Jumamosi ukumbi ulijaa watu, wengi wao wakiwa wamekuja kutazama kauri. Kijinga cha moto kilipoingia kibuyuni, Sharamo alitoka safu ya mbele akaelekea kwenye waya wa projekta. Asli alikuwa amekwisha kusimama mbele ya soketi, mgongo ukiwa ukutani.

"Iko nyuma yangu," alisema kwa sauti ya kawaida. "Nitoe kwanza."

Mwanamume wa heshima hamshiki mke wa ndugu yake mbele ya watu. Sharamo alisimama pale hadi filamu ikaisha, mwanga wa projekta ukimpiga kanzu, na kivuli cha kofia yake kikikaa juu ya kiti kitupu. Mtu mmoja nyuma alimwomba akae, naye hakujua akae wapi.

Watu walipokuwa wakitoka, Galgalo alimkaribia mkewe.

"Kila siku?" aliuliza.

"Kila siku."

Akaenda kutafuta viatu vyake mlangoni.

Talaka ilitolewa kimya kimya, kama ilivyokuwa ndoa yenyewe. Kilichobaki ni kibuyu, na Sharamo akaja kukichukua, maana ni mali ya mama yao. Nilikuwapo, jagi mkononi. Asli hakubishana. Alikiosha, akatia kijinga, akakitikisa, akakifunika moshi ukolee, akakijaza maziwa hadi shingoni. Sharamo alingoja, akipangusa jasho.

"Mpelekee," Asli akasema. "Mwambie anuse kwanza."

Sharamo alikipokea kwa mikono miwili, akageuka kuondoka. Hapo ndipo alipotupa jicho mezani, akasimama. Kamera ilikuwa pale pale, taa yake nyekundu ikiwaka.

"Shemeji," alisema polepole, "hiyo imewashwa?"

"Imewashwa," Asli akajibu.